Siku Niliyoinyamazisha Ofisi Nzima

Mmeniomba, ninyi mnaobaki bohari ya Changamwe, niandike niliyoyaona kwenye meza ya usafirishaji, na siku ya kuniaga mkanipa daftari nene la jalada gumu. Nimelitazama wiki mbili. Mengi ya kazi yangu hayajazi daftari, maana kazi yenyewe ilikuwa kuandika vijineno vifupi kwenye kioo cheusi. Lakini kwa kuwa kalamu nayo mmenipa, sina pa kujifichia.

Siku ya kwanza nilifika saa moja na nusu asubuhi, nimevaa viatu vipya vilivyonibana, na askari wa lango akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kunisalimia. Nikampa mkono. Akasema, "Simu, dada." Ukuta wa nyuma wa bohari yetu umepakana na matangi ya mafuta, na kwa ajili hiyo simu zote zilibaki langoni kwenye sanduku la mbao, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina. Redio za upepo nazo zilipigwa marufuku. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akitangaza malori kwa redio kwa miaka mingi, Mzee Mwachiru, Mduruma mmoja mrefu mwenye sauti ya kusimamisha treni, alihamishiwa kwenye kompyuta, ambako sauti haihitajiki. Huyo ndiye niliyewekwa chini yake nifundishwe.

Nikaingia, nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa hapo. Huu ndio mtambo wetu, unaitwa Baraza."

Wengi wenu mmeukuta Baraza ukiwa na rangi na picha. Enzi zangu za mwanzo ulikuwa kioo cheusi na maandishi ya kijani, basi. Kompyuta za ofisi zetu tatu, yaani Changamwe, Airport, na ile ndogo ya Shika Adabu kule Likoni, ziliunganishwa pamoja. Ukiandika jambo na kubonyeza, wote waliomo wanalisoma papo hapo, na jina lako mbele yake. Ukitaka mtambo wenyewe ufanye kitu, badala ya kusema na watu, unaanza na ule mstari wa mshazari uliolala kwa mbavu, ambao Mzee Mwachiru aliuita kwa jina lake la shuleni, mkwaju. "Bila mkwaju unasema na watu," aliniambia. "Ukitia mkwaju unasema na mashine. Usizichanganye, watu wana masikio."

Nikaingia kwa jina la sidi, herufi ndogo, nikakaa kusubiri kazi. Mzee akanitazama juu ya miwani.

"Umeingia na hujasalimia."

"Nimekusalimia mlangoni, mzee."

"Umenisalimia mimi. Barazani kuna watu kumi na mmoja."

Nikaandika "Hamjambo." Zikamiminika "Hatujambo" kumi na moja, moja ikiwa na maelezo kwamba Shika Adabu mvua inanyesha na paa linavuja juu ya mashine, kwa hiyo mwandishi ameshika mwavuli kwa mkono mmoja na anaomba radhi kwa makosa ya tahajia. Huyo alikuwa Bi Zuhura, karani wa Likoni. Ofisi yake ilikuwa yeye, dawati, na mwavuli.

Amri zote Mzee alikuwa amezinakili kwenye daftari la shule, akalifunga kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza lisiibwe. Iliyonipa taabu kwanza ilikuwa ya kunong'ona. Ukiandika mkwaju, nongona, kisha jina la mtu, maneno yako anayaona yeye peke yake. Ile ng' ya kwetu mashine haikuijua, ukitia kile kitone cha juu inakujibu "amri haipo", kwa hiyo ilibidi unong'one vibaya ndipo ikubali. Wiki yangu ya pili nilihangaika na kitone hicho hata nikasahau mkwaju. Ikatokea barazani, mbele ya ofisi tatu: "nongona zuhura meneja leo amevaa soksi mbili tofauti".

Meneja wetu alikuwa Bwana Mutiso, mtu wa bara, mnene wa kiasi, mwenye haraka. Hakutoka ofisini mwake. Baada ya muda likaja jibu lake, neno moja: "Nimeona."

Mzee Mwachiru hakucheka. Alifungua daftari, akapigia mstari wa pili chini ya neno nongona, na pembeni akaandika "usiiamini".

Kulikuwa na amri ya kutangaza unalofanya. Ukiandika mkwaju, kitendo, kisha "anakunywa chai", watu wanasoma "sidi anakunywa chai". Iliwekwa ili tuarifiane nani ameondoka mezani, lakini Bi Zuhura aliigeuza maisha yake. Tulijua anapokwenda kuswali Adhuhuri, anapofukuza paka, anapotafakari. "zuhura anatafakari" ilikaa kwenye kioo robo saa, na malori yakamsubiri.

Na kulikuwa na amri ya jina. Ya kubadili jina lako barazani, isizidi herufi kumi na mbili. Zikizidi mashine inakata mkia. Hii aliipenda Kenga wa Airport. Kenga ni Mgiriama mwenzangu, kijijini kwao na kwetu ni mwendo wa kutembea, kwa hiyo ninayoyasema juu yake nayasema kama ndugu. Siku moja meneja alipotoka kwenye mtambo, Kenga akajiita meneja, akaandika: "Kesho kila mfanyakazi aje na ndimu moja." Akarudi kuwa Kenga, akakaa kimya.

Kesho yake hakuna aliyeuliza. Tulipanga foleni na ndimu zetu. Askari wa lango naye alileta, ingawa yeye hata kompyuta hana, aliambiwa na mpishi. Bwana Mutiso alitukuta tumeziweka mezani kwake, rundo la kijani, tumesimama kwa adabu. Akatutazama mmoja mmoja. Nadhani alifikiri ni desturi ya watu wa pwani. Akasema, "Asanteni sana," akazitia kwenye mfuko, akaenda nazo nyumbani. Hadi leo sijui kama aliwahi kuambiwa.

Mzee Mwachiru, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa Baraza, alijua mara moja ni nani. Hakumshtaki. Aliiwekea mashine sharti: tangu siku ile, mtu asibadili jina zaidi ya mara tatu kwa siku. Shikeni hilo, maana litatutesa muda si mrefu.

Mwaka wangu wa pili, Mzee akapata tarehe ya kliniki ya macho mjini. Siku mbili kabla alinifanya msimamizi msaidizi, yaani na mimi nikaweza kutoa amri za kikubwa. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya kumnyamazisha mtu: ukimnyamazisha, chochote atakachoandika hakitoki. "Hii sijawahi kuitumia," aliniambia. "Ipo daftarini ukihitaji. Usiihitaji."

Asubuhi ile kulikuwa na mizigo miwili iliyotua Airport. Mmoja ulikuwa vifaranga wa siku moja, makasha kwa makasha, wa Mama Kanze, mfugaji wa Shika Adabu. Mama Kanze nilimjua. Alikuwa amekuja hadi Changamwe mara mbili, kwa miguu yake, kuhakikisha jina lake tumeliandika sawa. Mwaka uliotangulia ugonjwa wa kideri ulimfagilia banda zima kwa juma moja. Safari hii alikuwa ametenga chumba cha watoto wake, watoto wamehamia sebuleni, ndani ameweka majiko ya makaa na maranda ya mbao. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hawa wakifa mimi sifugi tena. Nitakaa tu."

Mzigo wa pili ulikuwa vyoo. Vyoo vya kukalia, vyeupe, vya nyumba ya wageni iliyokuwa ikijengwa Kisauni.

Kenga alikuwa ameshayatoa malori yote mawili, nami nilitaka kujua yamefika wapi. Lakini Baraza lilikuwa limejaa mbaazi. Bi Zuhura alikuwa ameandika kwamba mbaazi za nazi mtu akizitia sukari huyo si mpishi. Kenga akajibu kwamba mama yake huzitia. Zuhura akasema hakumtaja mama wa mtu. Kenga akasema amemtaja. Kila nikiuliza "Kenga, malori?" swali langu linapanda juu na kupotea, na chini yake zinakuja mbaazi nyingine. Nikaona nimnyamazishe Kenga dakika tano tu, nipate nafasi.

Nikafungua daftari. Mzee alikuwa ameandika hivi: mkwaju, nyamaza, kisha nyota. Nikaandika kama nilivyoona, na nyota yake, kisha jina la Kenga.

Mbaazi zikakoma. Nikafurahi. Nikaandika, "Haya Kenga, malori yako wapi?" Maneno yangu hayakutoka. Nikabonyeza tena. Chini ya kioo mashine ikaandika: "Umenyamazishwa. Wote wamenyamazishwa."

Nyota, kumbe, kwa mashine maana yake ni kila mtu. Kwa Mzee Mwachiru maana yake ilikuwa "jambo muhimu". Alikuwa ametia nyota hizo daftari zima.

Nikajaribu amri ya kurudisha sauti. Mashine ikajibu kwamba aliyenyamazishwa hana ruhusa. Nikatoka nikaingia tena. Bado. Kompyuta zote zilizokuwa barazani wakati ule zilifungwa midomo, na yangu mojawapo. Simu ya mezani ya meneja ilikuwa imekufa tangu juzi, nyaya zilikatwa barabarani na wezi wenye kazi hiyo. Nikakimbia langoni, nikamwomba askari simu yangu, akanipa, nikatoka nayo hadi ng'ambo ya barabara mbali na matangi, nikaifungua. Nilikuwa na namba za dada zangu wote, ya fundi cherehani, ya mtu aliyewahi kuniuzia godoro. Namba ya Kenga sikuwa nayo. Ya Zuhura sikuwa nayo. Miaka miwili tunazungumza kutwa, na hatukuwahi kupeana namba, maana ya nini.

Niliporudi nikakuta kwenye kioo mstari mpya. Mtu akibadili jina, mashine yenyewe ndiyo inayotangaza, na kumbe mashine haikunyamazishwa. Ulisema: "zuhura sasa anaitwa assalam_alyk".

Nikamwelewa. Alikuwa amegundua njia, akaanza kwa kusalimia. Jina la kwanza kati ya matatu limekwenda. Nami nilipoona hivyo nikataka kuomba radhi. "sidi sasa anaitwa samahani_san". Ile a ya mwisho ilikatwa.

Kenga hakukawia: "kenga sasa anaitwa si_mimi".

Kisha: "meneja sasa anaitwa nani_kafanya".

Nikaona heri niseme ukweli mapema. "samahani_san sasa anaitwa ni_mimi_sidi". Majina mawili nimeyamaliza kwa adabu na kwa kukiri, na kazi haijaanza.

Ndipo Zuhura akaandika la kazi. "assalam_alyk sasa anaitwa mbona_vyoo".

Nikalisoma mara mbili. Nikaona moja kwa moja yaliyotokea: lori la vyoo limekwenda kwa Mama Kanze. Na kama vyoo viko Shika Adabu, basi vifaranga wako Kisauni, kwenye jengo lisilo na paa, na jua la saa tano lile. Zuhura naye alikuwa amefika hapo hapo, kwani alitumia jina lake la mwisho kuuliza: "mbona_vyoo sasa anaitwa kuku_wapi".

"si_mimi sasa anaitwa lori_kisauni," akajibu Kenga, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikamshukuru. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na namba za madereva. Nilikuwa na jina moja limebaki, herufi kumi na mbili. Kifaranga wa siku moja anaweza kukaa na njaa, lakini joto na kiu havina subira. Nikaandika: "ni_mimi_sidi sasa anaitwa wape_maji".

Kenga alikaa akifikiri. Baadaye aliniambia lile la lori alikuwa akijibu swali la vyoo, kwa hiyo aliona ajabu vyoo kupewa maji kabla havijajengewa, lakini yeye si fundi. Kisha, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akatumia jina lake la mwisho kurudi kuwa kenga. Alisema hakutaka watu wamzoee kwa jina la lori.

Meneja, naye, jina lake la pili alilitumia kuandika NANI_KAFANYA kwa herufi kubwa, na la tatu kuandika "jibuni". Halafu akatoka ofisini kwa miguu, tumbo mbele, akasimama juu ya meza yangu.

"Hii ni nini sasa, Sidi?"

"Ni mimi, bwana meneja. Nimewanyamazisha wote kwa bahati mbaya, na vifaranga wa Mama Kanze wako Kisauni juani."

"Wanyamazue."

"Siwezi. Anayeweza ni Mzee Mwachiru kwa kompyuta yake, ambayo ilikuwa imezimwa, kwa hiyo haikunyamazishwa."

"Iwashe."

"Inataka neno lake la siri."

Nilikuwa nimeshachukua mkoba wangu nikapande bodaboda hadi Airport nimkamate Kenga kwa mikono, pale mlango ulipofunguliwa na askari akaingia akimshika mkono Mzee Mwachiru. Kliniki walikuwa wamemtia dawa ya kupanua mboni. Macho yalikuwa yamefunguka kama ya samaki, na haoni hata ukuta. Walimwambia aende nyumbani akalale, yeye akaja kazini, kwa kuwa, alisema, hakuwa na raha.

Nikamweleza kwa maneno machache. Hakunikemea. Aliuliza tu, "Ulipowanyamazisha, walikuwa wameshasalimiana?"

"Ndiyo, mzee."

"Afadhali. Niketishe kwenye kiti changu."

Tukawasha kompyuta yake. Ikataka neno la siri. Mzee alipapasa vitufe, akaandika asichokiona, mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Iliyobaki ni mara moja tu kabla haijajifunga hadi kesho. Nikamwambia, "Mzee, nitajie mimi niandike."

Akageuza uso huku na huku, kama anayesikiliza. "Humu ndani tuko nani?"

"Mimi na wewe na meneja."

"Meneja angetoka kidogo."

"Sitoki," akasema Bwana Mutiso. "Kuku wanakufa na mizigo imepotea. Taja hilo neno."

Mzee Mwachiru alivuta pumzi. Nilimwona anayapima: upande huu kazi yake, iliyobakiwa na miaka michache, upande ule makasha ya Mama Kanze. Akaanza polepole, kwa ile sauti yake ya redio ambayo hakuwahi kujua kuipunguza.

"T."

Nikaandika.

"U. M. B. O."

Nikasikia viatu vya meneja vinasogea karibu. Kwenye kioo zilionekana nyota tupu, lakini mtu hahitaji kioo kujua herufi alizozisikia.

"Endelea, mzee," akasema meneja.

"L. A." Mzee alifuta kipaji cha uso. "Bwana meneja, neno hili niliweka zamani, kabla hatujazoeana."

"Endelea."

"M. E. N. E. J. A."

Nikabonyeza. Mashine ikaandika, "Karibu, mwachiru."

Bwana Mutiso alijitazama chini, mbele yake, kwa muda. Kisha akasema, "Badilisha hilo neno. Neno la siri halitakiwi kuwa kitu kinachoonekana na kila mtu." Akarudi ofisini mwake, akafunga mlango taratibu.

Nikaandika amri ya kurudisha sauti kwa wote, safari hii nikijua nyota inafanya nini. Yote yaliyokuwa yamezuiliwa yakafumuka kwa mpigo, mistari mia ya Kenga juu ya mbaazi za mama yake. Nikataka kutoa maagizo. Mzee akanishika mkono.

"Salimia kwanza. Ni kama wamerudi safari."

Nikaandika "Hamjambo", na vifaranga wako juani. Tukapata "Hatujambo" zetu. Halafu nikaandika: "Kenga, mpigie dereva aliye Kisauni. Alicho nacho ni vifaranga wa Mama Kanze wa Shika Adabu. Afungue turubai, awape maji, aje Likoni sasa hivi. Zuhura, vyoo visishushwe."

Zuhura akajibu, "Wallahi shoga, vimeshashushwa, viko sebuleni na watoto wamevikalia."

Dereva wa Kisauni, Kenga alipompigia, alikuwa ametulia kivulini. Waashi walikuwa wamefunua turubai wenyewe kwa kusikia sauti, na wanawanywesha vifaranga kwa vifuniko vya ndoo za rangi. Kenga akamuuliza kwa nini hakushangaa kupeleka kuku kwenye jengo. Akasema aliona karatasi imeandikwa nyumba ya wageni, akajua ni ya supu. Aliona ni wadogo mno, lakini hoteli za siku hizi, alisema, zina mambo yao.

Vifaranga walivuka kivuko saa nane, wakapitishwa ofisini kwa Zuhura, alikokuwa akiwangoja Mama Kanze. Saa tisa kasoro, kioo kikaandika: "zuhura anafungua kasha la kwanza". Ofisi tatu zikaacha kazi. Meneja alitoka akasimama nyuma yetu. Mzee Mwachiru, ambaye hakuona kitu, aliniambia nimsomee.

"zuhura anachungulia", nikasoma.

"Anachungulia nini, aseme."

"zuhura anaambiwa na Mama Kanze asiweke kichwa ndani."

Tukasubiri. Kisha ikaja ndefu, bila mkwaju, kwa watu wote: "Wako hai. Tisa wamekufa, wengine wote wanapiga kelele. Mama Kanze analia na anasema niwaambie halii."

Bwana Mutiso akapenga kamasi, akasema kuna vumbi. Vyoo vilirudishwa kesho yake, isipokuwa viwili. Mama Kanze alikuwa ameona vina kina kizuri cha kuwekea maji ya kuku wakubwa, na hakuna aliyetumwa kumnyang'anya aliyerudi navyo.

Niliitwa ofisini, kama nilivyotarajia, na Mzee pamoja nami, na daftari lake likafunguliwa kwenye kamba likaletwa mezani. Meneja akaweka kidole kwenye ile nyota.

"Hii ni nini?"

"Muhimu," akasema Mzee.

"Na hapa mbili?"

"Muhimu sana."

Akafunua kurasa hadi ya mwisho, kwenye amri ya kuondoka. "Na hapa zimekaa tatu."

"Hiyo ni ya saa ya kwenda nyumbani."

Adhabu yetu ikawa kulinakili daftari lote upya bila nyota, na kubandika ukutani namba za simu za watu wote wa ofisi tatu. Tukazibandika. Zilikaa pale hadi karatasi ikawa ya njano, na hakuna aliyempigia mwenzake.

Mzee Mwachiru alistaafu miaka mitatu baadaye, na usimamizi wa Baraza ukabaki kwangu. Nimewaachia sasa ninyi. Mtambo umekuwa na rangi, na mkwaju mnaufanyia mzaha, lakini uko palepale chini, jaribuni. Nawaomba mambo machache ya kazi. Someni amri yote kabla ya kubonyeza, hata ikiwa mmeiandika mara elfu. Msimpuuze mtu kwa amri ya kupuuza, ile inayokufichia maneno yake yote, na kusahau. Niliwahi kumpuuza Bi Zuhura kwa hasira mchana mmoja, nikakaa wiki mbili nikidhani anaumwa, nikawaomba watu wa kanisani wamwombee, kumbe kila asubuhi ananiandikia habari za paka. Na mkimfundisha mgeni, mwacheni akosee mkiwa naye chumbani.

Jumamosi iliyopita nilivuka Likoni nikaenda Shika Adabu. Miaka kumi na minane tumeandikiana mimi na Zuhura, kila siku ya kazi, na hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Yeye hakuwahi kuwa na sababu ya kuja Changamwe, nami niliogopa kivuko. Nilielekezwa hadi kwenye nyumba yenye mlango wa buluu, nikabisha hodi, akafungua mwanamke mfupi wa miwani. Kichwani mwangu alikuwa mrefu.

"Karibu," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba. Niliyomzoea nayo mimi ilikuwa nzito, ingawa niliitunga mwenyewe.

"Nimekaribia."

Tukakumbatiana, tukaketi. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia njema. Nikamuuliza za kwake, akasema njema. Halafu maneno yakaisha. Tulitazamana, tukatazama pazia, nikasifu pazia. Nilikuwa na mengi ya miaka yote hiyo na hata moja halikuja mdomoni. Naye niliona midomo inatikisika, hakitoki kitu. Mwishowe akachukua simu yake mezani, akaandika. Yangu ikalia mkobani.

"Shoga, mbona umenyamaza," ilisema, "au nimezeeka kuliko ulivyodhani?"

Nikajibu. Akacheka, akaandika. Nikaandika juu ya mbaazi, akaja na mbaazi. Tulikwenda hivyo hadi machozi yakatutoka, mabega yanatikisika, hakuna sauti ndani ya chumba isipokuwa vidole na feni. Dada yake akaingia na sinia ya chai na mahamri, akatusimamia.

"Zuhura, mgeni wako katoka Changamwe yote hiyo, na wewe uko kwenye simu. Hata mazungumzo?"

Zuhura hakuinua macho. "Weka chai hapo," akasema. "Tunazungumza."